Jua la Asubuhi Halina Ubaya

Ukiambiwa kwamba utatibiwa kwa mwanga, jitayarishe kukaa kizani. Mimi niliambiwa sehemu ya kwanza nikafurahi, maana nani asiyependa mwanga? Sehemu ya pili niliielewa baadaye, nikiwa nimeshafungiwa ndani. Nayaandika haya kwa sababu hivi karibuni alikuja mama mmoja kutoka Mbweni, macho yake ya manjano kama yalivyokuwa yangu, na safari ya matibabu iko mbele yake. Hakuniuliza habari za dawa wala za madaktari. Aliniuliza, "Bi Asya, ulikuwa ukikaaje humo ndani?" Nilimjibu nilivyoweza, lakini alipoondoka nikaona sikumjibu vizuri. Jibu lake ni hili.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa posta, dirishani, upande wa kuuza stempu na kupokea vifurushi. Miaka yote ile nilitazama watu wakingoja, na wakininung'unikia nikiwaambia wawe na subira. Nataka waliosimama mbele ya dirisha langu wajue kwamba malipo yao wameshayapata. Nimengoja Mnazi Mmoja, nimengoja Dar es Salaam, nimengoja India, juu ya mabenchi ya mbao, ya chuma na ya plastiki, na ya plastiki ndiyo mabaya zaidi kwa mtu aliyekwisha nyama za makalio.

Ugonjwa wangu ulianza kwa mwasho. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nikawashwa viganja na nyayo, kwa ndani, mahali ambapo ukucha haufiki. Nilijikuna kwa kitana, kwa gunzi la hindi, kwa ukingo wa kitanda. Mume wangu, Masoud, alidhani ni sabuni, akanunua sabuni nyingine. Siku ya Idi akaja dada yake, wifi yangu Zuhura, mkubwa wetu sote katika ukoo, mwanamke aliyelea watoto wake na wa watu wengine na haoni haja ya kubisha hodi. Alinishika kidevu mbele ya wageni, akanigeuza uso dirishani.

"Asya, macho yako yamepiga umanjano. We mgonjwa, wewe."

Wageni wote wakaacha kula wakanitazama. Nilimchukia kwa dakika ile, na alikuwa amesema kweli.

Ya vipimo nitayapita upesi. Ilikuwa saratani ya ini, imekaa pale nyongo inapotokea, imeziba njia, ndiyo maana nikawa wa manjano. Kukata haikuwezekana. Ndugu walichanga, tukapelekwa India mimi na Masoud, kwenye hospitali ambayo chumba chake cha kungojea kilijaa watu wa rangi yangu. Sote tulikuwa wa manjano, Wahindi kwa Waarabu kwa sisi. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alinionyesha macho yake kwa kidole, kisha akanionyesha yangu, akacheka. Na mimi nikacheka. Hatukuwa na hata neno moja la lugha ya pamoja, lakini kila asubuhi aliniwekea nafasi karibu yake, na hiyo ilikuwa rehema ya kwanza ninayoikumbuka.

Daktari wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukaripia. Alinieleza kwa Kiingereza changu cha posta: nitatiwa dawa kwenye mshipa, dawa itazunguka mwili mzima, halafu wataingiza uzi mwembamba wenye mwanga mpaka kwenye ini, na pale mwanga utakapoikuta dawa, uvimbe utaungua. Nilimwuliza, na huko kwingine mwilini dawa itafanya nini? Alisema itakaa kwenye ngozi kwa wiki kadhaa, na dawa haijui mwanga upi ni wa daktari na upi ni wa jua.

Mwanga wenyewe sikuuona. Nilitiwa dawa, nikawekwa siku mbili kwenye chumba chenye mapazia mazito, nikapelekwa nikalazwa usingizi, na nilipozinduka koo liliniuma na ubavu umekuwa mzito. Masoud aliuchungulia kupitia kioo cha mlango. Alisema ulikuwa mwekundu, mdogo tu kama ncha ya udi unaowaka.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alizungumza naye kwa muda mrefu mlangoni. Mimi nilikuwa nusu macho nusu usingizi. Masoud aliporudi kitandani nilimwuliza kasema nini.

"Amesema usione jua."

"Muda wote ule alikuwa akisema hilo tu?"

"Hilo ndilo kubwa," alisema, akaanza kufunga mizigo.

Nilirudi Unguja nimefunikwa buibui, uso umezibwa, glovu mikononi, soksi miguuni, miwani ya giza juu ya yote. Tangu kuzaliwa sikuwahi kuziba uso. Pale uwanja wa ndege mwenzangu mmoja wa zamani wa posta alinitambua kwa mwendo, akanikumbatia, akasema, "Mashaallah, Bi Asya, Mungu amekuongoza." Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba aliyeniongoza ni daktari.

Nyumba yetu ipo Kajificheni, na kila aliyekuja kunitazama alidhani yeye ndiye wa kwanza kufanya mzaha wa jina hilo. Nilipewa chumba cha chini, kinachotazama uani. Masoud alitundika mablanketi kwenye dirisha na kwenye mlango. Ulikuwa wakati wa kaskazi, joto la mwisho kabla ya mvua, na humo ndani hewa ilisimama. Choo kiko ng'ambo ya ua, na ua hauna paa. Kwa hiyo kila haja ya mchana ilikuwa safari: buibui, glovu, soksi, miwani, mwavuli, na mtu wa kunishika mkono nisijikwae. Nilipunguza kunywa maji ili nipunguze safari, jambo la kijinga kwa mgonjwa, na namwomba huyo mama wa Mbweni asilifanye.

Nilikuwa na shida moja tu duniani. Binti yangu Raya, mtoto wetu wa pekee, alikuwa ameshaposwa, na harusi ilipangwa mwisho wa masika. Bwana harusi alikuwa akifanya kazi Maskati na likizo yake haikuwa ya kusogezwa. Nikaha ni ya wanaume, itasomwa msikitini, na hiyo haikunihangaisha. Lakini kwetu sisi, bibi harusi hutolewa nje alasiri, uani, mbele ya wanawake wote, na anayemshika mkono kumtoa ni mama yake. Mama yangu alinitoa mimi hivyo katika ua wa kwetu. Watu walinishauri ifanywe usiku, wakasahau kwamba harusi za siku hizi zina taa za video zilizo kali kuliko jua la Jambiani, na taa kali daktari alikuwa amenikataza kabla ya kunitia dawa. Nilitaka nimtoe mimi, mchana, kwa mkono wangu. Niliogopa kwamba nisipomtoa mwaka ule sitamtoa tena.

Wageni walikuja kunitazama wakinong'ona kama waliokuja matangani. Wifi Zuhura hakunong'ona. Alisimama katikati ya chumba akipepea kwa ncha ya kanga yake.

"Humu umekaa kama mwenye eda, na ndugu yangu yu hai," alisema. "Silipendi jambo hili, Asya. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema ninavyosema mimi."

Wiki zikapita na macho yangu bado yalikuwa ya manjano. Daktari alikuwa ameonya kwamba umanjano hautoki mara moja, lakini kuambiwa ni jambo moja, na kujitazama kwenye kioo kwa mwanga wa kurunzi ni jambo jingine. Asubuhi moja Masoud alikuwa ameshakwenda kazini bandarini na Raya yuko sokoni. Wifi aliingia, akanifunua jicho kwa kidole gumba.

"Raya alipozaliwa alikuwa wa manjano kuliko wewe. Nani aliyekuwa akimtoa juani?"

"Wewe, wifi."

"Akapona, hakupona?"

"Akapona."

"Na huko India umetibiwa kwa nini?"

"Kwa mwanga."

"Basi? Mwanga ndiyo dawa, halafu wao wanakuficha na dawa! Haya, inuka. Jua la asubuhi halina ubaya."

Maneno ya daktari niliyajua, siyo kwamba sikuyajua. Lakini maneno ya wifi yalikuwa ndiyo yale ambayo kila mwanamke wa mji huu ameyasikia tangu utotoni, na yalikuja na jua ndani yake. Nilikwenda kwa miguu yangu. Alinikalisha juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi katikati ya ua, akanivua ukaya kichwani, akaanza kunichana nywele. Nilifumba macho nikaelekeza uso juu. Nilisikia joto likinipanda mashavuni, harufu ya saruji iliyolowa, na kitana kikipita taratibu. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Haikudumu hata kitana kumaliza upande mmoja. Uso ulianza kuwasha, kisha kuuma kama niliyepakwa pilipili, nikapiga kelele, na wifi akanifunika kwa mwili wake mwenyewe kunirudisha ndani.

Kufika adhuhuri macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Pua, mashavu na migongo ya mikono ilitoka malengelenge. Hospitali walinipaka dawa na kunifunga bandeji. Masoud alipotoka kazini akaniona, alimgeukia dada yake aliyemlea, ambaye hajawahi hata kumwita bila ya kutanguliza Dada.

"Toka nyumbani kwangu."

Wifi akavaa buibui lake. Akatoka hivyo hivyo. Kanga yake ya kisutu aliyokuwa amejifunga kiunoni aliiacha kwenye kamba uani, na kwa siku nyingi hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Baada ya hapo Masoud alinifungia kwelikweli. Alipigilia mablanketi misumari. Aliziba nyufa za dirisha kwa pamba. Alitoa balbu darini. Hata redio alitaka kuiondoa kwa sababu ya kile kitaa chake chekundu, nikamwambia akiigusa redio nitakwenda mwenyewe kulala barabarani. Redio ikabaki, kitaa kikafunikwa plasta.

Sijui kama nitaweza kukieleza kiza kile. Usiku una nyota na taa za jirani. Humu nilikuwa nikiuleta mkono mbele ya uso nisiuone. Saa nilizijua kwa adhana na kwa watoto wa chuoni waliokuwa wakisoma Kurani nyumba ya pili. Wakinyamaza najua wamekwenda kula. Ngozi ya uso ilinibambuka, nikaiokota juu ya mto kwa vidole. Nilijigusa mbavu nikazijua moja moja. Mwili wangu nilikuwa naujua kwa kuupapasa, kama kitu cha mtu mwingine nilichoachiwa nikitunze. Nilimchukia Masoud kwa sababu aliweza kutoka. Nilimchukia wifi, na papo hapo nilimtaka, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angeingia mle akasema kwa sauti ya kawaida. Wakati mwingine nilitaka kupiga mlango kwa ngumi, nami ndiye niliyekubali ufungwe.

Mvua za masika zikaanza, na wakati wa Raya wa kuwekwa ndani ukafika. Kwetu mwari hukaa ndani wiki kadhaa kabla ya harusi, haoni jua, anasuguliwa, anasingwa kwa liwa ya kunukia na maua mpaka ngozi ilainike. Kazi hiyo ni ya shangazi yake. Na shangazi yake alikuwa amefukuzwa. Jirani mmoja alijitolea, Raya akamkataa kwa adabu. Kisha nikasikia godoro likiburutwa, likaangushwa karibu na kitanda changu.

"Raya? Unafanya nini?"

"Si mnataka nisione jua? Basi hapa halipo. N'nalala hapa."

"Mwari halali chumba cha mgonjwa."

"Mama, mimi na wewe sote tumefungwa. Tufungweni pamoja."

Tulilala hivyo, mwari na mamake. Alinisomea gazeti? Hapana, hatukuona kitu. Alinihadithia nguo zake moja moja, rangi, marinda, vifungo, nami nikazishona upya kichwani. Mara moja nikamsikia akivuta kamasi, nikajua analia.

"Mama, ukifa humu mimi nitajuaje?"

"Utajua. Nitaacha kukusema."

Alicheka, na kucheka kwake kukamzidisha kilio, na mimi nikalia naye. Mpaka leo naona ilikuwa afadhali kwamba tulilia mle, ambamo hakuna aliyeona uso wa mwenzake.

Raya ndiye aliyesema tumpigie daktari. Alichoka kuuliza ni lini nitatoka na kila mtu anamjibu inshallah. Masoud alileta simu mpaka mlangoni kwa waya mrefu, akakaa kizingitini, nikaishika mwenyewe. Nilimweleza daktari habari ya jua, akakaripia, na alikuwa na haki. Kisha nikamweleza, kama mtu anayejisifu kidogo, jinsi tulivyoziba kila tundu tangu siku ile.

Daktari akanikatiza. Kisha akaniuliza ni nani aliyetuambia tukae kwenye kiza kitupu. Alisema mwanga mdogo wa ndani, wa kivuli, ndio unaoitoa dawa kwenye ngozi kidogo kidogo. Kizani dawa hukaa tu. Jua hapana, taa kali hapana, lakini kiza kitupu vilevile hapana. "Nilimweleza mumeo siku ile mlangoni," alisema. Halafu akanieleza namna ya kujipima, ambayo nitaifikia.

Niliiweka simu chini. Zile wiki zote za kiza hazikunitoa hata hatua moja. Zilinirudisha nyuma, na harusi ilikuwa imeshakaribia.

"Masoud, alikwambia?"

Nilimsikia akiukunja waya wa simu.

"Alisema," akajibu. "Alisema maneno mengi, Asya. Mimi nilisikia jua, nikaingiwa na hofu, mengine hayakuniingia."

Nilikasirika mpaka meno yakagongana. Nilitaka kumrushia kikombe, na sikujua kilipo. Nikakumbuka sauti yake siku ya malengelenge. Nikakumbuka pamba ile, jinsi alivyokuwa akiisukuma kwenye nyufa kwa ncha ya kisu, polepole, kama anayeziba jahazi lisizame, na mimi ndani yake.

"Mwite dada yako," nikasema.

"Aje kufanya nini?"

"Aje achukue kanga yake."

Wifi alikuja alasiri ile ile na mvua. Alisimama nje ya mlango wa chumba, hakuingia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alipiga hodi.

"Pita," nikamwambia. "Na wewe, Masoud, pita. Mmoja kanichoma, mmoja kanizika, na wote mnanipenda. Sasa mnisikilize mimi. Nataka nimwozeshe mwanangu."

Nilisikia nyayo zao zikiingia. Kisha nikamsikia Masoud: "Dada, n'samehe."

"Kwa lipi? Mimi ndiye niliyemchoma."

"Na mimi ndiye niliyemzika. Hukusikia?"

Wifi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akamwambia Masoud alete nyundo. Walibandua mablanketi wao wawili. Kwenye dirisha, mahali pa blanketi, wifi alitundika kile kisutu chake, mapande mawili pamoja. Mwanga wa siku ya mvua ulipita ndani yake ukawa mwekundu, hafifu, ukamfikia Raya kwenye godoro lake. Niliuona uso wa mwanangu. Alikuwa amekonda, na hakuna aliyeniambia.

Siku ya pili wifi alikuja na liwa, asumini na rihani, akamsinga mwari wake mle mle. Akimaliza upande mmoja hunigeukia mimi kunipaka kiganjani mabaki. "Harufu haina ubaya," alisema, kisha akajisikia anavyosema, akanyamaza.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na mama wa Mbweni akishike. Unachukua mfuko wa karatasi, unautoboa tundu dogo la ukubwa wa sarafu, unaingiza mkono, unautoa mkono huo peke yake juani kwa dakika kumi. Kisha unangoja mpaka kesho saa kama hiyo. Pakiwa pekundu, rudi ndani wiki mbili, halafu jaribu tena. Pasipokuwa na kitu, anza kutoka kidogo kidogo. Taabu yake ni kwamba kinahitaji jua, na yalikuwa masika. Mimi niliyekuwa nikiomba mawingu kwa ajili ya safari za chooni, sasa nikawa naomba jua. Naona malaika walishindwa kunielewa.

Kipimo cha kwanza kilitoka doa jekundu, limevimba, la duara kabisa. Raya alilitazama akasema, "Tuahirishe." Nikamwambia hatuahirishi kitu. Bwana harusi alikuwa ameshafika na mbuzi wameshanunuliwa.

Wiki mbili zikaisha siku ya kuamkia harusi. Asubuhi nzima ilinyesha. Nyumba imejaa wanawake, masufuria, watoto, vitunguu, na mimi nyuma ya kisutu na mfuko wangu wa karatasi. Adhuhuri imeshapita, Masoud akapiga kelele kutoka uani, "Jua! Jua! Mtoeni mkono!" Wanawake waliacha vitunguu. Mkono wangu ulitolewa mlangoni mbele ya umati kama mkono wa malkia, Masoud akitazama saa yake na wifi akilitazama wingu, akilisema maneno ambayo sitayaandika. Wingu lilingoja. Dakika kumi zikatimia.

Jioni ile walipaka hina, Raya miguu na mikono, wageni wote mikono. Mimi nilipakwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia nilikaa nao juu ya mto, sikuugusa, na kila aliyepita aliuinamia.

Kesho yake adhuhuri tulijifungia watatu, mimi, Raya na wifi. Wifi alivaa miwani yake, akaushika mkono, akaupeleka karibu na dirisha. Akabonyeza kwa kidole.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Hapa je?"

"Hapaumi, wifi."

Ngozi ilikuwa ngozi. Ilikuwa kavu, yenye mikunjo, bado na umanjano kidogo, lakini hapakuwa na doa. Raya aliniangukia shingoni akanipaka liwa nguo nzima. Mnataka kujua kitu cha kwanza nilichokifanya na uhuru wangu? Nilikwenda chooni. Nilivuka ua bila ya buibui, bila ya glovu, bila ya mwavuli, bila ya mtu, na nilikwenda polepole.

Alasiri jua lilikuwa pole, la baada ya mvua. Nilimshika Raya mkono, yeye ana hina mikono yote miwili na mimi mmoja, nikamtoa. Wageni walimtazama bibi harusi kama inavyopasa. Wachache tu ndio waliojua kwamba siku ile tuliotolewa tulikuwa wawili.

Nisimdanganye mtu. Sikupona kama anavyopona mtu wa homa. Njia ya nyongo ilifunguka, mwasho ukaniacha, nikarudi kula samaki kwa hamu. Mwaka uliofuata ugonjwa ulianza tena kidogo, tukarudi India, nikatiwa dawa ile ile, nikarudi na buibui lile lile. Lakini safari hii mlangoni tulisimama wawili, mimi na Masoud, na kila alichokisema daktari tulimrudishia mpaka akachoka. Chumba kilikuwa na kisutu dirishani na taa ndogo nyuma ya kabati. Nilikaa ndani nikijua kwamba mwanga ule mdogo unanifanyia kazi. Nilikuwa nimefungwa vilevile, na nilichukia vilevile, lakini sikuwa nimezikwa.

Na tena sikuwa peke yangu. Raya alikuja kwangu kuzaa mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo ada, akakaa arubaini yake chumba cha pili. Tuligawana uji wa pilipili manga kupitia mlango. Mtoto alikuwa mvulana, na siku ya tatu alipiga umanjano. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa ni ule wa kawaida, utatoka.

Asubuhi yake nikasikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa wifi, amembeba mtoto amemfunga kwenye kanga, miguu tu inaonekana.

"Wifi," alisema, akasita. Mwanamke ambaye hajawahi kuomba ruhusa ya mtu kwa mtoto yeyote wa mji huu. "Nimtoe?"

Nilimtazama yeye, nikaitazama miguu ile midogo, ya manjano kama yangu.

"Mtoe," nikamwambia. "Huyu ni wa jua."

Akamtoa. Nilikaa nyuma ya kisutu, mbali na dirisha kama ninavyotakiwa, nikamsikia akivuta kibao cha mbuzi, akikaa, akimfungua kanga. Mtoto alipiga chafya.

"Usimkawize," nikasema kutoka ndani. "Mgeuze mgongo sasa, asiungue."

"Nshamgeuza," akajibu wifi.